Uvimbe wa pituitari: kabla ya kuwaza kisu, ulizia prolaktini

Ukiambiwa ndugu yako ana uvimbe kichwani, neno linalokujia kwanza ni saratani, na linalofuata ni India. Nimemuuguza mdogo wangu, hofu hiyo naijua. Lakini kama uvimbe uko kwenye tezi ya pituitari, habari ni nyingine kabisa, na ningependa anayepitia haya leo pale Tabata au Mbagala aijue mapema.

Tezi hii ni ndogo kama punje ya mbaazi. Imekaa chini ya ubongo, nyuma ya pua, na ndiyo inayoziamrisha tezi ya shingoni, tezi za juu ya figo, ovari na korodani. Uvimbe unaoota hapo kwa sehemu kubwa sana si saratani. Unaleta shida kwa kumwaga homoni kupita kiasi, au kwa kukua hadi kugandamiza mishipa ya macho inayopita juu yake.

Mdogo wangu alianza kwa kukosa siku zake, kisha maziwa yakamtoka, naye hana mimba wala hanyonyeshi. Nyumbani yakasemwa mengi. Mimi nilichoshtuka nacho ni daladala: konda akisimama ubavuni kudai nauli, hamwoni mpaka aguswe bega. Kwenye duka la miwani alisoma herufi zote. Mbele aliona vizuri, pembeni ndiko kulikozimika, na ndivyo uvimbe huu unavyofanya ukikua: kila jicho linapoteza upande wake wa nje. Mjaribu hapo hapo nyumbani. Mwambie afunike jicho moja, akutazame puani, nawe uchezeshe kidole ukikileta taratibu kutoka pembeni. Akichelewa kukiona, usiishie kwenye miwani.

Halafu omba kipimo cha damu cha prolaktini, homoni ya pituitari inayochochea maziwa. Hili nalisisitiza kuliko yote. Uvimbe unaotoa prolaktini mara nyingi husinyaa kwa vidonge vya kabagolini au bromokriptini, hata ukiwa mkubwa, bila mgonjwa kuingia chumba cha upasuaji. Mwambie daktari dawa zote anazotumia, maana metoklopramidi ya kuzuia kutapika na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili hupandisha prolaktini. Uvimbe mkubwa usiotoa homoni nao huipandisha kidogo kwa kubana kikonyo cha tezi, ndiyo maana namba hiyo lazima bingwa aisome pamoja na picha ya MRI, ile ya mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya kichwa. Mdogo wangu alipewa bromokriptini. Ilimtia kichefuchefu hadi tulipoanza kumpa usiku baada ya chakula.

Wanaopasuliwa, wengi hufanyiwa upasuaji kupitia puani. Njia hiyo ilianza mwaka 1907, daktari mpasuaji Hermann Schloffer alipoijaribu mjini Innsbruck, Austria. Harvey Cushing akaiendeleza Marekani, na miaka ya 1960 Jules Hardy wa Montreal, Kanada, akaingiza hadubini. Tafiti za uvimbe huu nilizisoma kwenye simu, na muhtasari wa nyingi uko bure PubMed, hazina ya tafiti za tiba mtandaoni. Ukisoma, tazama kwanza ni uvimbe wa aina gani, wa ukubwa gani, na wagonjwa walifuatiliwa kwa muda gani. Matokeo ya uvimbe wa sentimita nne hayamhusu mwenye milimita sita. Uchambuzi uliotoka mwaka 2004, ukikusanya tafiti nyingi, ulikadiria kuwa takriban mtu 1 kati ya 6 ana kauvimbe kwenye tezi hii, na wengi hawajui kabisa. Kwa hiyo kadoa kadogo kalikokutwa kwa bahati kwenye MRI kasikunyime usingizi.

Ila maumivu makali ya kichwa yanayokuja ghafla, pamoja na kutapika na macho kufifia, ni ya kukimbizwa hospitali usiku huo huo.

Ukienda Muhimbili, upasuaji wa ubongo uko MOI, taasisi ya mifupa na ubongo iliyo hapo hapo. Beba CD ya picha, siyo karatasi ya majibu peke yake. Na kama atapasuliwa, baadaye angalieni maji meupe kama ya kunywa yakitiririka puani, au kiu isiyokatika na mkojo mwingi, rudini haraka. Akipewa haidrokotisoni, dawa inayoziba pengo la homoni ya tezi za juu ya figo, asiiache kwa sababu tu anajisikia nafuu. Aandike jina la dawa hiyo kwenye karatasi na kuiweka kwenye pochi, ili akianguka hata pale Ubungo, watakaompeleka hospitali wajue la kumwambia daktari.