Ingepakwa au ingalipakwa? Sarufi ya ndege ambazo historia ilizinyima nafasi

SWALI: Mimi hutengeneza modeli za ndege za kivita, hasa zile ambazo miradi yake ilifutwa, kisha nazipaka rangi za nchi ambazo zingeweza kuzinunua. Sasa nimemaliza TSR-2 ya Uingereza, nimeipaka mabaka ya kijani na kahawia na kuitia alama ya kangaruu ya Jeshi la Anga la Australia. Chini ya picha niliandika: “Kama Australia ingenunua TSR-2 mwaka 1963, ndege hii ingali pakwa rangi hizi, na ingetumika hadi miaka ya 2000.” Rafiki yangu anasema hapo kuna makosa matatu. Je, ni kweli? Na “ndege kijani” ni sahihi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Makosa ni mawili. La tatu nitamtetea msomaji wetu.

Kosa zito ni “ingali pakwa”. Ile nafasi ndogo kati ya “ingali” na “pakwa” inaharibu maana nzima. Neno “ingali” likisimama peke yake lina kazi yake tangu zamani: hueleza kwamba jambo bado lipo au bado linaendelea. Tunasema “mvua ingali inanyesha”, “mgonjwa angali amelala”. Kwa ndege hiyohiyo ya TSR-2, ni sahihi kabisa kuandika “TSR-2 mbili zingali zipo”, kwa sababu kweli zipo: moja imehifadhiwa Duxford na nyingine Cosford, huko Uingereza. Lakini “zingalikuwepo” ni habari nyingine kabisa. Anayeisoma anaelewa kwamba hazipo, na kwamba zingalikuwepo laiti jambo fulani lingalitokea. Kwa hiyo unapotaka sharti lisilotimia, unganisha: ingalipakwa, ingalitumika, ingalikuwa. Ukitenganisha, msomaji makini ataanza kusoma “ndege hii bado…” kisha akwame.

Kosa la pili ni kuchanganya. Umeanza na “ingenunua”, ukapita kwenye “ingali-”, ukarudi kwenye “ingetumika”. Kanuni inayofundishwa shuleni ni kwamba pande zote mbili za sentensi zichukue kiambishi kimoja, na kwa sentensi kama yako kanuni hiyo ina mantiki, maana mambo yote matatu yamekaa katika wakati uleule uliopita.

Basi kipi kati ya hivyo viwili? Kiambishi -nge- huacha mlango wazi: “Ningepata rangi nyeusi leo, ningemalizia magurudumu.” Rangi inaweza kupatikana jioni. Kiambishi -ngali- hufunga mlango. Na mlango wa TSR-2 ulifungwa kwa kishindo. Ndege ya kwanza, yenye namba XR219, iliruka tarehe 27 Septemba 1964. Mradi ukafutwa Aprili 1965, na hakuna nyingine iliyowahi kupaa. Australia yenyewe ilikuwa imeshaamua Oktoba 1963 kuchukua F-111 ya Marekani, ikaanza kuzipokea 1973 na kuzitumia hadi Desemba 2010. Hakuna tena cha kusubiri hapo. Hii ndiyo kazi hasa iliyowekewa -ngali-.

Najua mtaani -nge- imekwisha kumeza yote. Mtu atakwambia “ungeniambia jana, ningekuja”, na hakuna atakayemsahihisha, wala sioni sababu ya kumsahihisha. Katika mazungumzo ile “jana” inatosha kutuambia kwamba nafasi imepita. Lakini wewe unaandika maelezo ya picha, na picha husafiri bila mwenyewe. Leo iko kwako, kesho imetumwa kwa mtu asiyejua lolote kuhusu Australia wala 1963. Modeli ikitengenezwa vizuri inashawishi kuliko maneno: alama ipo, namba zipo, moshi wa injini umepakwa mkiani. Kitu pekee kinachomwambia huyo mtu kwamba ndege ile haikuwahi kuwepo ni kitenzi chako. Nakusihi ukipe nguvu.

Kwa sababu hiyohiyo, siwapendekezei wapenzi wa historia mbadala mtindo wa kuandika kwa -li- tupu, kama vile “Mwaka 1969 Australia ilipokea TSR-2 ya kwanza”. Katika hadithi ndefu iliyotangazwa kuwa ya kubuni, mtindo huo ni halali na hunoga. Katika mstari mmoja chini ya picha, unazalisha uongo utakaokaririwa.

Sasa lile la tatu. Rafiki yako pengine alikosoa “kama”, kwa hoja kwamba -nge- na -ngali- tayari zimebeba sharti. Hoja ni ya kweli, na sentensi isiyo na “kama” hupendeza zaidi kwa maandishi. Hata hivyo “kama ningalijua” husemwa na watu wanaokijua Kiswahili barabara, na husaidia pale sentensi inapokuwa ndefu na msomaji anahitaji kuonywa mapema. Si kosa. Mimi kwako ningeiondoa, kwa ufupi tu:

“Australia ingaliinunua TSR-2 mwaka 1963, ndege hii ingalipakwa rangi hizi, na huenda ingalitumika hadi miaka ya 2000.”

Nimeongeza “huenda” kwa makusudi. Rangi umechagua wewe, kwa hiyo unaweza kuzisemea. Muda wa matumizi ni kisio, na kisio kiitwe kisio.

Upo mchanganyiko mmoja ambao mimi naukubali, ingawa mwalimu anaweza kukukata alama: sharti likiwa la zamani na matokeo ni ya leo. “Uingereza isingaliifuta TSR-2, leo tungekuwa na picha zake nyingi.” Kufuta kumepita, kukosa picha kunaendelea. Viambishi viwili vinaeleza nyakati mbili. Angalia pia kikanushi: “isingaliifuta” na “haingaliifuta” vyote vipo, ila cha kwanza ndicho kinachotumika zaidi siku hizi. Ukikutana na “isingeliifuta”, hiyo -ngeli- ni ndugu wa -ngali-. Ukiichagua, shikamana nayo hadi nukta.

Kuhusu rangi, kwanza nikupongeze kwa uchaguzi wako. TSR-2 halisi ilipakwa nyeupe mwili mzima, rangi ambayo Waingereza walizipaka ndege zao za kudondosha mabomu ya nyuklia ili irudishe mwako wa bomu. Lakini ndege hiyo iliundwa ipite chini sana kukwepa rada, na anayepita chini huonekana kutoka juu. Ndiyo maana hata Vulcan, ndege nyingine za Uingereza za kudondosha mabomu, zilizoanza kwa weupe, kuanzia 1964 zilipakwa mabaka ya kijani na kijivu upande wa juu. Mabaka yako yana hoja.

Kisarufi, -eupe, -eusi na -ekundu ni vivumishi, hivyo huchukua umbo la ngeli: ndege nyeupe, bawa jeupe, mabawa meupe, mkia mweupe. Kijani, kijivu na kahawia ni nomino, nazo huunganishwa kwa kihusishi cha -a: ndege ya kijani, bawa la kijani, mkia wa kijivu. “Ndege kijani” husikika sana, lakini katika maandishi andika “ndege ya kijani”. Ukitaka kueleza kiwango cha rangi, amua unasifu neno lipi: “kijani kilichokolea” hufuata kijani, “rangi ya kijani iliyokolea” hufuata rangi. Zote mbili ni sahihi. “Kijani iliyokolea” ndiyo ya kuepuka.