Ligeuze ua kabla ya kulipa jina

Nyuma ya jiko letu hapa Bukavu, kwenye mteremko unaoshukia Ruzizi, kuna mmea unaotambaa ambao kwa miaka miwili niliuita kwa jina la kisayansi Ipomoea purpurea, mmoja wa jamii ya kiazi kitamu. Niliutambua kwa rangi ya zambarau tu. Siku moja nikamtumia picha ya ua lake dada mmoja anayesomea mimea, naye akaniuliza neno moja: "Umeligeuza?"

Sikuwa nimeligeuza. Picha zangu zote nilizipiga kwa mbele, na kwa mbele maua ya aina nyingi za Ipomoea ni ndugu wa tumbo moja: tarumbeta lile lile, mistari mitano ile ile. Tofauti iko nyuma, kwenye vijani vitano vinavyolishika ua, yaani sepali. Za purpurea ni fupi, mara nyingi hazizidi sentimita 1.5, na karibu na kikonyo zina vinyweleo vigumu ambavyo kidole kinavisikia. Za Ipomoea indica hufika sentimita 2, zimechongoka polepole hadi ncha, na vinyweleo vyake, kama vipo, ni laini. Za Ipomoea nil zina ncha ndefu nyembamba.

Wangu ni indica. Na ulikuwa ukiniambia kila siku: ua linafumbuka buluu, likinyauka linageuka waridi.

Jani usiliamini peke yake. Kwenye mmea huo huo mmoja nimechuma jani la umbo la moyo na jingine lenye ncha tatu. Ila ukikuta limegawanyika hadi kikonyoni kama vidole vya mkono, umepata Ipomoea cairica. Na maua yakiwa yamekaa ndani ya jani dogo lililokunjwa kama mtumbwi, hiyo ni Ipomoea involucrata, ninayoipenda kuliko zote. Nikiiona kando ya njia lazima nisimame.

Toka kabla ya saa nne asubuhi, maana mchana maua huwa yamesinyaa. Piga picha mbele, nyuma, jani pande zote mbili, na tunda kama lipo.

Kwa akina mama: mimea hii ni ya ukoo mmoja na matembele, na ua la kiazi kitamu linafanana nayo sana. Msichume mboga kwenye mmea wa porini kwa kufuata ua. Mbegu za purpurea na nil zina sumu, watoto wasizichezee.