Maswali ya Wasomaji: Tutapimaje ustawi wa watu wa pembezoni mwa mji?

SWALI: Kata yetu iko pembezoni mwa Dar es Salaam na ina mitaa minane. Kamati ya maendeleo inataka kujua hali ya maisha ya watu kabla ya kupanga bajeti. Orodha ya shule, zahanati na visima tunayo. Je, hiyo haitoshi? Kama haitoshi, tuhoji watu wangapi na tuwaulize nini?
Mjumbe wa kamati

JIBU: Ndugu mjumbe, haitoshi. Orodha hiyo inaonyesha kilichojengwa. Haisemi nani anakifikia, wala mtu akizidiwa usiku ana nani wa kumwita.

Anzeni na idadi. Ili makosa ya kukadiria yasizidi pointi 5 za asilimia juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95, hesabu ya kawaida inataka watu 384. Lakini nyinyi mtahoji kwa makundi, na majirani hufanana, kwa hiyo zidisheni mara 1.5: mnapata 576. Ongezeni nafasi ya watakaokosekana, kiasi cha mmoja kati ya kumi, mfikie 640.

Gawanyeni kata vipande vya kaya 100 hadi 150, mipaka ikiwa barabara, mto au mtaro. Pigeni kura mpate vipande 32, kila kimoja kaya 20. Mkiorodhesha kaya 120 katika kipande, gawanyeni kwa 20, mnapata hatua ya 6. Pigeni kura kati ya 1 na 6. Ikitoka 4, chukueni kaya ya 4, ya 10, ya 16, hadi ya 118.

Hapo kwenye kuorodhesha ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Orodhesheni kaya, msiorodheshe nyumba. Nyumba moja ya vyumba sita inaweza kuwa na kaya sita, kila moja na chungu chake. Mhoji akibisha hodi getini, mama mwenye nyumba anatoka na kusema, "Hao wapangaji wameenda kazini, niulize mimi tu." Mhoji aliyechoka anamuuliza kweli, na kata nzima inaonekana ina watu wenye nyumba zao na maji ya bomba uani. Mpangaji ajibu mwenyewe.

Saa nazo ni muhimu. Anayetoka saa 11 alfajiri kuwahi daladala na kurudi saa 2 usiku hamtamkuta Jumanne mchana. Nendeni jioni, Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada. Rudini mara tatu kwa siku tofauti. Akikosekana, msimchukue jirani badala yake; nafasi yake mmeshaihesabu. Ndani ya kaya, hojini mtu mzima mmoja ambaye siku yake ya kuzaliwa iko karibu zaidi kufika. Kama tarehe hazijulikani, andikeni majina kwenye vikaratasi mpige kura.

Kuhusu maswali, ulizeni mambo yenye kipimo. Kwa maji: kwenda, kupanga foleni na kurudi ni dakika ngapi? Zikizidi 30, huduma haijafikia kiwango cha msingi cha kimataifa, hata kama kisima kipo. Ulizeni pia bei ya dumu la lita 20, saa ya kutoka na kurudi nyumbani, na nauli ya siku. Kwa ujirani: mtoto akiugua usiku wa manane, unaweza kubisha hodi nyumba ngapi? Mwezi uliopita ulihudhuria kikoba, msiba au kikao cha mtaa? Wageni wengi pembezoni wana kiwanja lakini hawana jirani wanayemfahamu, na hili bila kuulizwa halionekani.

SWALI: Furaha au msongo wa mawazo vinapimika kweli? Mtu si atasema tu "namshukuru Mungu"?

JIBU: Atasema, ukimuuliza "hali yako ikoje?" Ndiyo maana kipo kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha kauli tano kuhusu wiki mbili zilizopita: uchangamfu, utulivu, nguvu mwilini, kuamka ukiwa umepumzika, na siku kujaa mambo yanayokuvutia. Kila kauli hupewa 0 (hata mara moja) hadi 5 (wakati wote). Jumlisha, zidisha kwa 4. Aliyejibu 3, 2, 2, 1 na 3 ana 11, yaani 44 kati ya 100. Chini ya 50 ni dalili ya kumwangalia kwa karibu. Si kwamba ana ugonjwa. Kabla ya siku ya kwanza, kubalianeni na afisa ustawi wa jamii na zahanati watu hao wapelekwe wapi. Kuuliza bila kuwa na pa kuwapeleka si haki.

SWALI: Tunaweza kutuma fomu kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, kisha tupange mitaa kuanzia wa kwanza hadi wa nane?

JIBU: Fomu hiyo itajazwa na wenye simu janja, bando na muda. Itumieni kukusanya maoni, siyo kupima. Majina na namba za simu ziwekwe mbali na majibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu.

Kupanga mitaa kwa nafasi hatushauri. Mtaa uliohojiwa watu 80 una makosa ya pointi 13 hivi kila upande, kwa hiyo asilimia 48 na 55 hazitofautiani. Msiunganishe pia kila kitu kuwa alama moja, kwa sababu lami mpya itaficha upweke. Mkirudia kupima, rudieni mwezi uleule: waliohojiwa Agosti wakihojiwa tena Aprili, katikati ya masika, mtakuwa mmepima matope.