Takwimu II siyo kubofya SPSS, mdogo wangu: kilichonipeleka sapu (mtihani wa marudio) mimi hiki hapa

Swali lako nimelisoma nikiwa kwenye daladala, nikapitiliza kituo. Unasema Takwimu I umepata C, semista hii ya pili unachukua Takwimu II na masomo mengine matano, na unataka kujua ununue kikokotoo gani, usome kitabu gani, ujifunze SPSS au R (programu za kompyuta za takwimu), na kama tuisheni ya Jumamosi ina maana. Hayo tungeyaongea taratibu. Ila ukamalizia na hii: "Braza mmoja wa mwaka wa tatu kaniambia Two ni nyepesi kuliko One, kila kitu kinafanywa na SPSS, wewe unaangalia Sig tu."

Achana naye. Leo hii.

Huyo braza namjua. Siyo yeye hasa, ila nduguye. Kila chuo kina wa kwake. Wangu mimi alikuwa na kimbweta chake karibu na kafteria, laptopu imejaa stika, sisi wa mwaka wa kwanza tumemzunguka kama vifaranga. Akafungua SPSS, akabofya mara nne, likatokea jedwali, akaweka kidole kwenye safu ya Sig, yaani thamani ya p. "Ipo chini ya 0.05? Kataa H0, ile dhana kwamba hakuna tofauti. Ipo juu? Iache. Hiyo ndiyo Takwimu Two, mmemaliza." Tukamnunulia chipsi mayai. Ada nimeshaisamehe, ile chipsi mayai bado.

Basi semista nzima nikawa mtu wa kubofya. Maabara ya kompyuta nilikuwa wa kwanza kumaliza, nikawa nawasaidia wenzangu, eti nafundisha! Alama za muhula nikapata 29 kati ya 40, nikaanza kutembea kifua mbele. Vipindi vya saa moja asubuhi nikaviacha, maana lekchara alikuwa anajaza ubao kwa mikono, namba tano tano, na mimi najiuliza huyu mzee hajasikia kuna kompyuta?

Mtihani wa mwisho: karatasi, kalamu, kikokotoo, na majedwali ya t na F yamebanwa kwa pini nyuma ya maswali. Kompyuta hamna. Nikasema sawa, fomula nimezikariri usiku, tutaonana.

Swali la kwanza, alama 20. Namba zake nazikumbuka kama namba ya simu ya mama. Mashamba matano ya mahindi, mavuno kwa gunia kwa ekari. Msimu bila mbolea: 8, 14, 10, 18, 12. Msimu uliofuata, mashamba yaleyale, yamewekwa mbolea: 10, 15, 13, 20, 14. Chukulia mvua ni ileile (swali lenyewe lilisema hivyo, msianze kunibishia). Je, kwa kiwango cha 0.05, wastani wa mavuno umebadilika?

Mimi nikaona makundi mawili ya namba. Makundi mawili, jaribio la t (la kulinganisha wastani), la sampuli mbili, twende. Wastani wa kwanza 12.4, wa pili 14.4, tofauti 2. Varianti (namba zinavyotawanyika) 14.8 na 13.3. Nikagawanya, nikajumlisha, nikatoa kipeuo cha pili, nikapata t ya 0.84. Digrii za uhuru 8 (namba kumi toa makundi mawili), jedwali linasema 2.306. Yangu ndogo, kwa hiyo hakuna ushahidi kwamba mbolea imebadilisha kitu. Jibu nikalipigia mistari miwili kwa rula. Hesabu yote ilikuwa sahihi, hata nukta moja haikukosewa. Nilikuwa nimepanda basi la Mbeya huku naenda Tanga, lakini kiti cha dirishani.

Soma tena lile swali. Mashamba YALEYALE. Zile namba siyo watu kumi wasiojuana, ni jozi tano. Nane ni ndugu wa kumi, kumi na nne ni ndugu wa kumi na tano. Unatakiwa utoe kila shamba kwa lenyewe: 2, 1, 3, 2, 2. Wastani 2, mkengeuko sanifu (kipeuo cha pili cha varianti) 0.707, ugawanye kwa kipeuo cha pili cha 5 upate 0.316. Halafu 2 gawanya kwa 0.316, t ni 6.32. Digrii za uhuru 4 (jozi tano toa moja), jedwali 2.776. Mbolea imefanya kazi, tena wazi kabisa.

Umeona? Namba kumi zilezile, tofauti ya wastani ileile, gunia mbili. Njia moja inakwambia hakuna kitu, nyingine inakwambia kipo. Na sababu haijafichwa: shamba la nne lina rutuba, linatoa 18 hata ukililalia; la kwanza ni la mchanga, linakupa 8. Ukiyachanganya, tofauti ya udongo inaifunika mbolea. Ukilinganisha kila shamba na lenyewe, udongo unajitoa wenyewe kwenye hesabu, inabaki mbolea.

Kwenye SPSS hayo, la sampuli mbili na la jozi, ni mambo mawili tofauti kwenye menyu moja. Braza alinionyesha la juu. La chini hakuligusa, na mimi sikuwahi kuuliza lile jingine ni la nini. Semista nzima!

Nilipokwenda kulia ofisini kwa lekchara (nililia kiume, yaani niliuliza maswali kwa sauti nyembamba) akanionyesha alama yangu: 4 kati ya 20. Nne zenyewe za huruma, kwa wastani na varianti. Akaniambia neno moja tu: "Hukuuliza namba zimetoka wapi."

Sasa kanuni yangu ni hii, na ukisahau mengine yote shika hii: KABLA HUJAGUSA FOMULA WALA KIKOKOTOO, ANDIKA SENTENSI MOJA. Nani kapimwa, kapimwa mara ngapi, na namba hii ina undugu na ipi. Sentensi ya Kiswahili tu, juu ya karatasi. "Mashamba matano, kila moja limepimwa mara mbili." Ukishaandika hivyo, jaribio linajichagua lenyewe. Mimi sasa naandika hata nikihesabu hela za kikoba.

Wala siyo uchawi wangu. Hilo jaribio la t lilitoka kwenye bia. William Gosset alikuwa mfanyakazi wa Guinness, Dublin, anahangaika na vipimo vichache, huwezi kulima mashamba ya shayiri elfu moja ili upime bia. Akachapisha mwaka 1908 kwa jina la "Student", ndiyo maana majedwali mengine yanaandika t ya Student. Mtu wa bia alijua kila namba imetoka shamba gani. Mimi niliyekuwa nakunywa chai ya rangi tu sikujua.

Na hiyo 0.05 wanayoiimba kama imeshushwa na malaika, ni Ronald Fisher aliyeipa umaarufu kwenye kitabu chake cha 1925, kwa sababu ni kiwango kinachofaa kwa matumizi. Basi. Braza alituambia eti p ni uwezekano kwamba H0 ni kweli. Siyo! Ni uwezekano wa kupata matokeo kama yako au ya mbali zaidi, KAMA H0 ingekuwa kweli. Swali hilo nalo lilikuja, alama 5, na darasa letu zima la kimbwetani tuliandika upuuzi uleule neno kwa neno, mpaka tukashukiwa kuibiana.

Gharama? Sapu ilikuwa Septemba. Bumu (hela ya mkopo wa chuo) hamna, hosteli imefungwa, nauli ya kurudi kutoka nyumbani kwa mkopo wa mjomba, ambaye nilimwambia nakwenda kurekebisha jina kwenye fomu. Tukalala watatu kwenye godoro moja chumba cha rafiki yetu. Na chuoni kwetu sapu hata ukipiga 90 unaandikiwa C. Nilipiga nyingi tu. C.

Mengine ya Two ni haraka, sentensi ileile inayabeba. ANOVA (kulinganisha wastani wa makundi zaidi ya mawili): ukiwa na makundi matatu, usifanye jaribio la t mara tatu, nafasi ya kuona tofauti isiyokuwepo inaweza kupanda kutoka asilimia 5 hadi karibu 14. Kai skweya (kulinganisha idadi za watu kwenye makundi): kila mtu ahesabiwe mara moja tu. Ukiuliza watu 100 wanatumia mitandao gani ya simu ukapata tiki 143, hiyo siyo ya kai skweya, kuna watu wenye laini tatu humo. Rigresheni (kutafuta mstari unaopita katikati ya nukta): chora nukta kwanza, kwa mkono, kabla ya kutafuta mstari. Kuna siku nukta moja tu inauvuta mstari mzima kama mbuzi anavyovuta kamba.

Kikokotoo, nakumbuka uliuliza. Chochote chenye hali ya takwimu, mimi nilikuwa na Casio fx-82MS ya kuazima. Angalia mtego mmoja: kinakupa σ (mkengeuko sanifu) mbili, moja ya kugawanya kwa n na moja ya kugawanya kwa n-1. Kwa zile tofauti za mashamba, ya kwanza inakupa 0.632, ya pili 0.707. Unaitaka ya pili, zile ni sampuli. Rafiki yangu alibofya ya kwanza mtihani mzima, tukakutana naye Septemba, ndiye mwenye godoro.

Kulikuwa na kingine umeuliza lakini nimeshashuka na chaji ipo asilimia tatu. Wewe nenda steshenari kesho, piga kopi past pepa za miaka mitatu, lete hapa swali la kwanza tulifanye wote. Uanze na sentensi. Ukileta fomula bila sentensi sikujibu, na huyo braza mwambie namdai chipsi mayai ya nduguye.