Maswali ya Wasomaji: Akiondoa pendekezo lake, ameshindwa?

SWALI: Nafuatilia kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, michango ya Lord Dubs kuhusu watoto wakimbizi walio peke yao. Jambo moja linanitatiza kwenye Baraza la Malodi, baraza la juu la Bunge la Uingereza ambamo yeye ni mjumbe: muswada ukiwa kwenye kamati, mjumbe anatetea pendekezo lake la marekebisho kwa nguvu zote, halafu analiondoa mwenyewe. Mbona anakata tamaa mapema hivyo?

JIBU: Hajakata tamaa, anampima waziri. Kwa Malodi, Spika hachagui mapendekezo ya kujadiliwa. Yote yaliyowasilishwa yana nafasi. Mengi hupelekwa kwenye kamati ili serikali itamke hadharani kifungu kitafanyaje kazi. Likipigiwa kura pale na kuanguka, kwa kawaida suala hilo halifunguliwi tena kwenye hatua ya taarifa (report stage), inayofuata baada ya kamati. Likiondolewa, linaweza kurudi. Na kamati ikiwa ni Grand Committee, inayokaa nje ya ukumbi mkuu, kura hazipigwi kabisa. Kwa hiyo ukikuta "Amendment withdrawn" (pendekezo limeondolewa), rudi juu usome jibu la waziri, hasa aya yake ya mwisho: akiahidi kulitazama tena, au akikwepa swali, fungua hatua ya taarifa.

Huko ndiko Dubs alikopata ushindi. Tarehe 21 Machi 2016 pendekezo lake la kupokea watoto 3,000 kutoka Ulaya lilipita kwa kura 306 dhidi ya 204. Baraza la chini (House of Commons) likalikataa tarehe 25 Aprili, 294 kwa 276. Kesho yake alirudi na maneno mapya bila ile 3,000, idadi ikiachwa kwa serikali baada ya kushauriana na halmashauri. Likapita tena, na leo ni kifungu cha 67 cha Sheria ya Uhamiaji ya 2016. Namba ile ilipotoka, serikali ikapata nafasi ya kubana idadi: ukomo uliishia watoto 480. Anayesoma mjadala wa Machi peke yake hawezi kuelewa 480 imetoka wapi.

SWALI: Mbona sioni hotuba zake za miaka ya 1980, wala maswali ninayosikia aliyauliza?

JIBU: Ulodi aliupata 1994. Kabla ya hapo, kuanzia 1979 hadi 1987, alikuwa mbunge wa Battersea South, kisha wa Battersea kuanzia 1983, kwa hiyo mtafute kama Alfred Dubs kwenye kumbukumbu za baraza la chini. Maswali ya maandishi nayo hayamo ndani ya mijadala. Yana ukurasa wake kwenye tovuti ya Bunge, na waziri hutarajiwa kujibu ndani ya siku 10 za kazi. Unaponukuu, taja tarehe na namba ya safu, si ya ukurasa, na kwa mijadala ya Malodi tanguliza HL Deb; HC Deb ni ya baraza la chini, kama hotuba zake za miaka ya 1980. Ukizichanganya umempeleka msomaji wako baraza jingine.