Falsafa yangu ya sanaa niandike nini?

SWALI: Shikamoo anti. Mi nasoma dizaini hapa Dar, mwaka wa pili. Lekchara katuambia kila mtu aandike ukurasa mmoja wa falsafa yake ya sanaa, sasa mi hata sijui naanzia wapi maana kazi zangu nyingi naokota picha intaneti nabadilisha rangi na fonti basi. Wenzangu wana staili zao kabisa, mi naona kama nilikosea kozi. Nifanyeje?
Mwanafunzi, Temeke

JIBU: Marahaba mwanangu. Kozi hujakosea, ila umeanza kutafuta maneno wakati mkono wako bado haujasema kitu.

Nenda katoe kanga ya mama kabatini, itandaze chini ukae nayo hata saa nzima. Kuna pindo limezunguka pande zote 4, kuna mji hapo katikati, na jina chini yake, yaani yale maneno yaliyoandikwa, basi, rangi zenyewe 2 au 3, lakini ndani ya hapo hapo watu wamechora korosho, majogoo, mpaka sura za marais, na bado hawajamaliza. Sasa sogeza macho pale nyeusi inapokutana na nyekundu, mara nyingi utakuta kamstari keupe kembamba ambako rangi hazikukutana sawasawa kiwandani. Mi hako kamstari kalinibadilisha jamani, zamani nilikuwa nasafisha bango kwenye kompyuta mpaka linakuwa kama halijaguswa na mtu, siku hizi nakaacha makusudi na ukiniuliza falsafa yangu ntakuonyesha hapo kwanza.

Na vifaa visikutishe. Edward Tingatinga alianza kuchora hapa hapa Dar mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli, shule ya sanaa hakusoma, akafariki 1972. Miaka 4 tu! Na ile rangi inayong'aa ya baiskeli ndo hadi leo mtu akiiona kwa mbali anajua hii tingatinga.

Kuiga sikukatazi, wote tumeiga, ila iga kwa mkono. Chukua pindo la hiyo kanga ulichore kwa penseli mara 10, laptopu iweke mbali. Za mwanzo zitafanana na kanga, ukifika ya 6 au ya 7 mkono umechoka unaanza kupinda huku, kunenepesha kule, sasa zile ulizopinda halafu ukazipenda, zizungushie duara na uandike pembeni umezipendea nini, kwa Kiswahili kile kile unachoongea nyumbani, usitafute maneno makubwa ya kumfurahisha lekchara. Ukurasa wako ni huo.

Ukimaliza ikunje kanga vizuri umrudishie mama, na umuulize aliyempa ni nani na kwa nini alichaguliwa jina lile. Atakachokujibu kiweke mstari wa kwanza.