Muulize Fundi Umeme: Skrini mpya, betri hoi

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota IST iliyotoka Japani. Nimefungiwa skrini ya Android hapa Lindi mjini, na tangu hapo gari likilala siku mbili bila kuwashwa, asubuhi stata inagonga "tik" basi. Aliyenifungia anasema betri imezeeka, ninunue nyingine. Nifuate ushauri wake? — Mwalimu, Lindi

JIBU: Nzuri, Mwalimu. Hiyo hela ya betri iweke kwanza. Gari lilikuwa linawaka vizuri hadi siku ilipofungwa skrini, kwa hiyo tuanze kuitafuta hitilafu pale palipoguswa.

Nyuma ya redio ya gari kuna nyaya mbili zinazoleta umeme. Waya wa njano una umeme muda wote, usiku na mchana, na ndio unaotunza saa na stesheni zako. Mwekundu unapata umeme pale tu unapozungusha funguo hadi ACC, ile hatua ya kwanza kabla injini haijawaka. Skrini inausikiliza huo mwekundu: umeme ukikatika, inajua mwenye gari ameshuka, nayo inalala. Sasa kuna mafundi wanaozifunga hizo mbili pamoja, kwa haraka tu, au kwa sababu mteja ametaka muziki upigwe bila funguo. Ukifanya hivyo skrini hailali kamwe. Kioo kinaweza kuwa cheusi, lakini ndani inaendelea kula.

Piga hesabu mwenyewe. Betri ya gari dogo kama lako ni kama ampea-saa 35 ikiwa mpya. Skrini ikila nusu ampea tu, kwa saa 24 imekula 12, na kwa siku mbili ni 24. Kilichobaki hakitoshi kuzungusha stata. Ukinunua betri mpya, nayo italala hivyo hivyo, na kila inapokauka kabisa umri wake unapungua.

Kupima si kazi kubwa. Mwambie fundi atoe funguo, afunge milango, kisha afungue kichwa cha hasi cha betri na kuiweka mita, upande wa ampea 10, kati ya kichwa na waya wake. Asubiri kama nusu saa, maana vifaa vingine vinachelewa kulala. Gari lililolala vizuri halizidi ampea 0.05. Mita ikisoma 0.4 au 0.5, achomoe fyuzi ya redio. Namba ikianguka, mwizi umempata. Na tafadhali, mtu asiwashe gari mita ikiwa bado pale, fyuzi ya mita itaungua.

Akifungua deshibodi, aangalie pia viungo vyenyewe. Hili linaniumiza sana. Magari ninayoletewa hapa Mtwara, yale yanayolala Shangani na Mikindani karibu na bahari, ukibandua tepu unakuta shaba imegeuka kijani. Waya umesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa solotepu. Jua la mchana linayeyusha gundi, tepu inafunguka, chumvi ya bahari inaingia. Waya wa njano ulio wazi ukigusa chuma cha gari ni cheche, na nyuma ya deshibodi kumejaa plastiki. Dai soketi ya kuchomeka inayolingana na Toyota, ile ya pini 10 na pini 6, ili waya wa gari usikatwe hata mmoja. Ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na skrini. Pasipo na soketi, kiungo kichomewe kwa risasi na kuvalishwa mpira wa kubana kwa moto. Fyuzi iwepo, na iwe ya ukubwa ulioandikwa kwenye skrini yenyewe. Karatasi ya sigara si fyuzi.

SWALI: Shikamoo fundi. Gari langu lina skrini iliyokuja nalo kutoka Japani. Maandishi ni ya Kijapani, redio inashika stesheni chache, na TV haioneshi kitu. Inaweza kurekebishwa? — Msomaji, Newala

JIBU: Marahaba. Skrini yako ni nzima, imetengenezwa kwa nchi nyingine tu. FM ya Japani ilianzia 76 na kuishia 90, na zile za miaka ya karibuni zinafika 95. Sisi tunatumia 87.5 hadi 108, kwa hiyo stesheni nyingi ziko juu ya mahali redio yako inapoishia. Kuna kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena na kuzishusha, kinasaidia, ingawa namba utakayoiona si ile inayotangazwa. TV achana nayo: Japani wana mfumo wao wa dijitali, sisi tunatumia DVB-T2, na hiyo haitashika hata uweke antena ndefu vipi.

Kama fedha za korosho zimeingia na unataka kubadilisha, pima kwanza tundu. Toyota nyingi zina upana wa milimita 200 na urefu wa 100. Ukichukua skrini ya inchi 10 kwa kuwa inapendeza dukani, angalia isije ikafunika swichi ya hazadi au matundu ya AC.

SWALI: Fundi, naendesha Noah ya abiria, Mtwara hadi Masasi. Abiria wanapenda video, lakini skrini ya mbele inakataa kuonesha gari likitembea. Kijana mmoja amesema ataunga waya wa handibreki kwenye bodi, yaani chuma cha gari, iwe inaonesha muda wote. Nimruhusu? — Dereva, Mtwara

JIBU: Usimruhusu, ndugu yangu. Waya ule umewekwa ili filamu ionekane handibreki ikiwa imevutwa tu. Ukiupeleka kwenye bodi moja kwa moja, unaidanganya skrini kwamba umesimama. Kwa mwendo wa kilomita 80, gari linakula zaidi ya mita 22 kila sekunde. Ukitupia jicho filamu sekunde mbili, umepita mita 44 bila kuona njia, na pale Ndanda kuna watoto na bodaboda barabarani.

Abiria wako wana haki ya kuburudika, na njia ipo. Funga skrini ya darini nyuma ya viti vya mbele, ikitazama nyuma, ipate picha kutoka kwenye tundu la video la skrini yako, na umeme wake uwe na fyuzi yake yenyewe. Mbele ibaki ramani, muziki na kamera ya rivasi. Kabla hujanunua, geuza skrini uliyonayo uangalie kama ina tundu la njano lililoandikwa VIDEO OUT. Kama halipo, niandikie aina ya skrini, nitakutafutia namna.